Kupanga kiwanda janja cha korosho Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), wafanyabiashara na vijana waliosomea ufundi ambao wanataka kujenga kiwanda cha kubangua korosho huku Kusini mwa Tanzania, na wanaambiwa kila kona kwamba kiwanda cha siku hizi lazima kiwe janja, yaani kinachoendeshwa kwa msaada wa vihisi (vifaa vya kupima) na programu za kompyuta, na kisichoharibu mazingira. Wanaambiwa pia wakipange kwa "zana za usanifu zenye mpangilio", na humo ndimo tunamoanzia. Majibu hayalingani urefu. Mengine ni ya mistari miwili kwa sababu hayahitaji zaidi.

Hizo "zana za usanifu zenye mpangilio" ni nini hasa?

Ni njia za kuuliza maswali kwa utaratibu na kuyaandika majibu mahali ambapo wengine wanaweza kuyaona na kuyapinga, kabla fedha haijatoka benki. Nyingi ni karatasi tu: jedwali, mchoro wa visanduku na mishale, orodha ya hitilafu yenye alama. Hapa tutazungumzia QFD (kugeuza mahitaji ya watu kuwa vipimo), IDEF0 (kuchora shughuli za kiwanda), usanifu wa kanuni za msingi, TRIZ (kutatua ukinzani) na FMEA (kuchambua hitilafu na madhara yake). Zimetoka Japani, Marekani na uliokuwa Umoja wa Kisovieti, na zote zilianza muda mrefu kabla ya msemo "kiwanda janja" kuenea.

Hakuna anayehitaji zote tano. Kiwanda cha kubangua tani mia chache kwa mwaka kinaweza kupangwa vizuri kwa mbili.

Kwa nini nisitafute tu muuzaji mzuri wa mashine, anipe mpango wake?

Kwa sababu mpango wake unaanzia kwenye mashine zake. Huku Kusini jambo hilo tunalijua kwa macho. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vikubwa vya korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikiwa na mitambo ya Italia na Japani. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Baadaye bei mbaya, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao na ugonjwa wa ubwiri unga viliangusha mavuno, na msimu wa 1986/87 yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Mitambo mikubwa haikuwa na cha kula. Baadhi ya majengo yale yaliishia kuwa maghala.

Mitambo ile haikuwa mibovu. Ilisanifiwa kwa hitaji moja, ujazo mkubwa, na haikupewa namna ya kufanya kazi nusu. Siku hizi mavuno ni makubwa kuliko yale ya 1973/74, lakini korosho ghafi inagombaniwa mnadani na wanunuzi wanaoipeleka India na Vietnam. Kwa hiyo swali la "nikipata nusu ya malighafi, kiwanda kitafanyaje?" bado lipo mezani, na muuzaji wa mashine hataliuliza kwa niaba yako.

"Endelevu" kwa kiwanda cha korosho maana yake nini? Si kupanda miti getini?

Miti ni mizuri, pandeni. Lakini anza na mizani. Kila kilo 100 za korosho ghafi hutoa karanga, yaani kiini cha korosho kinacholiwa, kilo 20 hadi 25 hivi, na takriban kilo 70 ni maganda. Anayesafirisha korosho ghafi kutoka bandari ya Mtwara anavusha bahari kwa gharama ya mafuta ya meli mzigo ambao sehemu kubwa yake ni maganda. Anayebangua hapa anabaki na maganda hayo, na ndiyo yatakayoamua kama kiwanda chake ni safi au ni kero.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Likichomwa likiwa bichi hutoa moshi mzito unaochoma macho na koo. Wakati huohuo lina joto jingi sana na linapatikana bure uani. Basi uendelevu unagusa mambo manne: maganda yanaenda wapi, nishati inatoka wapi, mikono ya wabanguaji inalindwaje, na kiwanda kinajilipa vipi mwezi wa Juni wakati mnada ulikwisha zamani. Hilo la mwisho huachwa mara nyingi kwenye maandiko ya miradi, nami naliona zito kuliko yote. Kiwanda kilichofungwa hakina uendelevu wowote wa kupima.

Nianze na zana ipi?

QFD. Ilikuzwa na Yoji Akao nchini Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na jedwali lake maarufu lilitumika kwenye karakana ya meli ya Mitsubishi huko Kobe mwaka 1972. Upande wa kushoto unaandika wanachokitaka watu, kwa maneno yao wenyewe. Juu unaandika vitu vinavyopimika. Katikati, kila mahali hitaji linapokutana na kipimo, unaweka 9 kama uhusiano ni mkubwa, 3 kama ni wa kati, 1 kama ni mdogo, na unaacha wazi kama haupo. Juu kabisa kuna paa, ambako unaonyesha vipimo vinavyogombana vyenyewe kwa vyenyewe.

Kazi ngumu ni upande wa kushoto. Mkulima wa Tandahimba anasema, "Nataka hela yangu isicheleweshwe." Mbanguaji anasema, "Mikono isiungue." Jirani anasema, "Nguo zangu kwenye kamba zisinuke moshi." Mnunuzi wa nje anataka W320, yaani karanga nyeupe nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja, na anataka kujua zilitoka ghala gani. Benki ina lake. Kila sauti igeuzwe kipimo. "Mikono isiungue" inakuwa idadi ya majeraha ya ngozi kwa mwezi, pamoja na asilimia ya korosho zinazopasuliwa bila kuguswa na mkono mtupu. "Nguo zisinuke" inakuwa kiasi cha chembe za moshi kwenye bomba, urefu wa bomba lenyewe na upande upepo unakoelekea.

Sauti hizo zikusanywe kwa kwenda kuwauliza wenyewe. Jedwali lililojazwa na mkurugenzi peke yake ofisini ni pambo la ukutani. Wanaokumbuka maandamano ya kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, hapa Mtwara mwaka 2013, wanajua kinachotokea mradi mkubwa unapopangwa na jirani akaona sauti yake haimo.

IDEF0 ina kazi gani?

Kuonyesha kiwanda kinafanya nini kabla ya kusema kinafanya kwa mashine gani. Ilitoka kwenye mradi wa Jeshi la Anga la Marekani miaka ya 1970. Kila shughuli ni kisanduku: kinachoingia kinatokea kushoto, matokeo yanatokea kulia, masharti yanashuka kutoka juu, na watu na mashine wanapanda kutoka chini. Kwa korosho visanduku ni kupokea na kupima unyevu, kuanika, kupanga ukubwa, kuchemsha kwa mvuke, kupoza, kubangua, kukausha karanga, kumenya utando (ngozi nyembamba ya karanga), kupanga madaraja, kufungasha.

Chora kwa mkono. Kisanduku ambacho mshale wake wa juu haupo, yaani hakuna sharti linalokiongoza, ndicho kitakachokusumbua. Mara nyingi ni kupoza: hakuna aliyeandika korosho ipoe kwa saa ngapi kabla ya kubanguliwa, na karanga zinavunjika.

Nimesikia kuhusu "mahitaji yasiyoshikana". Hiyo ni nini?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo viwanda vingi janja vinapokwama.

Hii ndiyo zana tuliyoiita usanifu wa kanuni za msingi. Nam Pyo Suh, profesa wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, aliweka kanuni mbili za usanifu. Ya kwanza: kila hitaji la kiutendaji lijitegemee, ili ukirekebisha moja usivuruge jingine. Ya pili: kati ya mipango inayotimiza ya kwanza, chagua ule wenye nafasi kubwa zaidi ya kufaulu bila kurekebishwarekebishwa.

Chukua boila ya kiwanda cha mfano. Hitaji la kwanza ni kulainisha ganda kwa mvuke bila kuumiza karanga. Hitaji la pili ni kukausha karanga hadi unyevu usizidi asilimia 5. Mpango wa kawaida una boila moja, bomba moja na vali moja kubwa, unalisha chungu cha mvuke na vikaushio kwa pamoja. Siku inapoingia shehena ya korosho kubwa zenye ganda gumu, fundi anaongeza mgandamizo. Chungu kinafurahi, lakini vikaushio navyo vinapanda joto, karanga zinabadilika rangi na kushuka daraja. Fundi akipunguza ili kuokoa karanga, ganda halilainiki na wabanguaji wanavunja. Atazunguka hapo msimu mzima.

Ukichora jedwali dogo, mahitaji mawili pembeni na njia mbili juu, utaona alama ya X katika vyumba vyote vinne. Hiyo ndiyo dalili ya kushikana. Sasa weka vali ya kupunguza mgandamizo kwenye tawi la vikaushio, na kidhibiti joto chake chenyewe. X moja inafutika. Boila bado inagusa vikaushio, kwa kuwa bila mvuke wa kutosha havipati joto, lakini kikaushio hakigusi tena chungu. Unarekebisha boila kwanza, kikaushio baadaye, basi. Gharama ni vali na kidhibiti.

Watu hukosea kwa kudhani vihisi na programu vitaponya mpango ulioshikana. Havitaponya. Programu itafanya alichokuwa anafanya fundi, kupandisha na kushusha bila kutulia, ila kwa kasi zaidi na kwa ankara ya kila mwezi. Tenganisha mahitaji kwanza, ndipo ununue ujanja.

Na maganda? Tuyachome au tusiyachome?

Swali hili linafaa TRIZ, njia aliyoianza Genrich Altshuller mwaka 1946 katika Umoja wa Kisovieti baada ya kuchunguza hati nyingi za uvumbuzi. Aliona matatizo magumu huwa na ukinzani ndani yake, na wavumbuzi wazuri huutatua kwa njia zinazojirudia. Yeye alizifikisha 40.

Ukinzani wetu: ganda lichomwe, maana ni nishati ya bure. Ganda lisichomwe, maana linatoa sumu ya moshi. Njia mojawapo ya TRIZ ni kutenganisha kwa wakati. Kamua mafuta kwanza, choma makapi baadaye. Mafuta yana soko, kwani hutumika kwenye breki za magari, rangi na gundi za viwandani. Makapi yaliyokamuliwa yanaungua kwa usafi zaidi, mradi tanuri liwe na hewa ya kutosha ya awamu ya pili, yaani hewa inayoingizwa juu ya moto ili moshi nao uungue. Kinachobaki ni majivu.

Anayechoma maganda mabichi kwenye tanuri la matofali kisha akaweka kihisi cha moshi kinachotuma ujumbe kwenye simu, huyo amenunua kengele ya kumwambia anachokinusa tayari.

Kwa nini tusitumie gesi? Si ipo hapahapa?

Ipo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, na mtambo wa kusafisha gesi uko Madimba. Kama kiwanda chako kiko jirani na bomba, ulizia bei na masharti, halafu linganisha. Lakini korosho nyingi ziko Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Liwale. Huko bomba halipo mlangoni, maganda yapo. Katika jedwali la QFD andika hitaji kama "joto la uhakika mwaka mzima", usiandike "gesi". Gesi ni njia, na njia inachaguliwa baadaye.

Tuweke vihisi wapi?

Orodhesha maamuzi kwanza. Kihisi ambacho usomaji wake haubadilishi uamuzi wa mtu yeyote ni gharama tupu. Kwa kiwanda cha wastani naona vinavyolipa ni hivi: mizani za kidijitali katika kila hatua, mita ya umeme kwa kila mstari badala ya moja ya TANESCO getini, vipimo vya joto na unyevunyevu ghalani, mgandamizo wa boila, na joto la vikaushio.

Mizani ndizo zenye faida ya haraka. Kilo 1,000 zikiingia, jumla ya karanga, maganda, utando na maji yaliyokauka lazima ikaribie kilo 1,000. Isipokaribia, kuna upotevu au kuna mtu anaiba. Hesabu hiyohiyo ndiyo msingi wa taarifa ya mazingira, kwa sababu inaonyesha kila kilo ya taka ilikokwenda.

Mtandao ukikatika je?

Panga ukijua utakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Boila haiwezi kusubiri nyaya zitengenezwe. Udhibiti wote ubaki ndani ya kiwanda, kwenye kompyuta iliyo hapo hapo, na kinachopanda mtandaoni kiwe nakala ya taarifa tu. Utaratibu wa kutuma data uitwao MQTT unafaa, kwani ulitungwa mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yakiwasiliana kwa setilaiti. Hautumii bando kubwa na unavumilia mtandao unaokuja na kuondoka.

FMEA ni lazima?

Si lazima kisheria, lakini kiwanda chenye boila na mafuta yanayounguza kisichofanya FMEA kinacheza na maisha ya watu. Unaorodhesha kila kinachoweza kuharibika, unakipa alama 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, kwa uwezekano wa kutokea, na kwa ugumu wa kukigundua mapema, kisha unazidisha.

Angalia kasoro ya kuzidisha. Boila kupasuka: 10 × 2 × 3 = 60. Mfuko kuchanika: 3 × 5 × 4 = 60. Jedwali linasema ni sawa. Si sawa hata kidogo, na ndiyo maana mwaka 2019 sekta ya magari ilihamia kwenye mfumo unaotazama ukubwa wa madhara kwanza. Fanya hivyo.

Kwa pwani yetu ongeza mistari hii: hewa ya chumvi kula viunganishi vya umeme (masanduku ya vifaa yawe yamefungwa barabara dhidi ya vumbi na maji), vumbi la utando kuziba feni, umeme kukatika katikati ya mzunguko wa mvuke, na barabara kufungwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Kipuri unachokitegemea kutoka Kariakoo siku hiyo hakiji.

Mashine janja hazitawanyang'anya kina mama kazi?

Zinaweza. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya korosho ni wanawake, na jedwali la usanifu halitawakumbuka kama hukuwaandika. Iandike ajira kama sharti, pamoja na idadi, kabla ya kuchagua njia. Maoni yangu: mashine ianzie pale mkono unapoungua, yaani kwenye kupasua ganda, na iwe ya mwisho kufika kwenye kupanga madaraja, ambako jicho lililozoea linastahili mshahara wake. Kuna wawekezaji watakaosema jambo hili linapunguza faida. Wawekewe hesabu ya karanga zilizovunjika kando yake, wazitazame zote mbili.

Kamera na alama za vidole za mahudhurio zina shida?

Zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na alama za vidole ni taarifa nyeti. Jisajili kwenye Tume husika, waeleze wafanyakazi unakusanya nini na kwa nini, na usikusanye usichokihitaji. Kadi ya kawaida inatosha kwa mahudhurio.

Na NEMC, baraza la taifa la mazingira?

Tathmini ya athari kwa mazingira inatajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anza mapema. Mchoro wako wa IDEF0 na hesabu ya mizani vitamrahisishia mtaalamu mwelekezi kazi, maana ndivyo atakavyokuuliza.

Programu za kufanyia haya zinauzwa bei gani?

QFD, jedwali la mahitaji na FMEA vinafanyika kwenye Excel au LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure. Kupima athari za bidhaa tangu shambani hadi kwa mlaji kuna openLCA, nayo ya bure. Hifadhidata nyingi zinazotumika nayo zimejengwa kwa takwimu za Ulaya, hivyo weka mwenyewe umbali wa malori, dizeli ya jenereta na chanzo cha umeme wako. "Pacha wa kidijitali" wa kiwanda kizima, yaani nakala yake kwenye kompyuta, anaweza kusubiri hadi uwe na data ya msimu mzima ya kumlisha.

Nani atusaidie kujaza majedwali?

Mchanganyiko: fundi wa boila, mama mmoja aliyebangua kwa miaka mingi, mtunza ghala, mhasibu, na kiongozi wa AMCOS. Kuhusu korosho yenyewe kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, kuhusu mashine ndogo kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo, na mafundi umeme wanatoka vyuo vya ufundi vya VETA. Mtaalamu kutoka mbali aje kuongoza mazungumzo, asije na jedwali lililokwisha kujazwa.

Sisi ni wa chumvi, wengine muhogo. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu, ila uzito unahama. Kwa chumvi ya Lindi na Kilwa, jua linafanya sehemu kubwa ya kazi bila kulipwa, na hakuna haja ya kuweka kihisi kwenye kila jaruba. Ujanja wote uwekeni kwenye kuchanganya madini joto, kwa sababu hapo ndipo mfuko mmoja unapata mengi na mwingine unakosa.

Muhogo ni habari nyingine. Mzizi ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo hitaji la kwanza ni muda, na mashine inafuata nyuma yake. Mchoro wenu wa IDEF0 usianzie getini. Uanzie shambani, kwenye kisanduku cha kung'oa, na mshale wake wa juu uwe ni ratiba ya kiwanda: nani ang'oe leo, nani asubiri Alhamisi. Ujumbe mfupi wa simu kwa wakulima unatosha kuiendesha.